Butembo: Kakao ya Beni, maracuja ya Lubero na trufu nyeupe za jikoni

Mama mkubwa wangu amelima kakao kwa miaka mingi upande wa Mangina, katika wilaya ya Beni. Anajua kupasua tunda kwa panga bila kugusa mbegu, kuzifunika kwa majani ya migomba siku tano hadi saba ili zichachuke, kisha kuzianika mpaka zilie kama changarawe ukizitikisa mkononi. Lakini Siku ya Posho iliyopita, jikoni kwangu hapa Butembo, nilipomwekea kiganjani kipande cha chokoleti nyeupe, aliuliza kama ni sabuni.

Yeye ni mmoja kati ya wengi waliokimbia mashamba yao kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa ADF. Mwaka 2024, wakati bei ya kakao kwenye masoko ya dunia ilipita dola 10 000 kwa tani, matunda yake yalikuwa yanaozea mtini. Na hata kwa wale wanaovuna, kakao inaondoka ikiwa mbegu kavu, nyingi kupitia Uganda, halafu inaturudia ndani ya karatasi inayong'aa, kwa bei ambayo mkulima anaiangalia tu. Kiwanda cha Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, kinachotumia umeme wa maji wa Virunga, kimeonyesha kwamba chokoleti inaweza kutengenezwa hapa hapa. Lakini jikoni kwa mtu wa kawaida, chokoleti bado ni kitu cha wageni.

Tuanze na ile nyeupe, kwa sababu watu wengi hudhani haina kakao. Zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa punje ya kakao ni mafuta. Kiwandani punje hukandamizwa kwa mashine, mafuta yanatoka upande mmoja, na ule unga wa kahawia unabaki upande mwingine. Chokoleti nyeupe ni hayo mafuta, pamoja na sukari na maziwa ya unga. Ilianza kuuzwa Uswisi katika miaka ya 1930. Kanuni za kimataifa zinataka iwe na angalau asilimia 20 ya siagi ya kakao, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kulipa: ukikuta mafuta ya mawese pekee, bila maandishi "beurre de cacao", hiyo ni peremende nyingine, na haitaganda inavyotakiwa.

Utamu wake unapita kiasi. Ndiyo maana inaomba tunda chachu, na nyanda za juu za Lubero zinatupa maracuja. Kwa trufu 30 hivi, tafuta gramu 300 za chokoleti nyeupe, maracuja 7 au 8, gramu 30 za siagi na chumvi kidogo sana. Sukari usiongeze.

Kamua maracuja kwenye chujio upate karibu nusu glasi ya juisi. Ichemshe taratibu juu ya mbabula mpaka ibaki nusu yake, vijiko vinne vya supu. Hatua hii wengi wanairuka, nami niliiruka mara ya kwanza. Nikapata uji ambao tuliula na mkate. Chokoleti nyeupe haina unga wa kakao wa kunyonya maji, hivyo juisi lazima iwe nzito.

Katakata chokoleti vipande vidogo, uviweke kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji ya moto. Bakuli lisiguse maji, na maji yasitokote. Makala yakiwaka sana, yapunguze. Maziwa na sukari vilivyomo huungua upesi kuliko katika chokoleti nyeusi. Ikipita nyuzi 45 hivi inaanza kufanya madonge. Nusu ikishayeyuka, ondoa motoni na uendelee kukoroga, joto lililobaki litamaliza kazi.

Hapa kuna mtego. Tone moja la mvuke likiingia, chokoleti inakaza kama udongo. Msomaji atauliza: juisi nayo si maji? Ni maji, ila kiasi kikiwa cha kutosha, sukari na maziwa vinalowa vyote na mchanganyiko unalainika tena. Kwa hiyo mimina juisi ikiwa vuguvugu, kwa mara tatu, ukikoroga kutoka katikati. Mara ya kwanza itaonekana imeharibika, inatoa mafuta pembeni. Usiitupe. Mara ya tatu itang'aa. Ndipo uweke siagi na chumvi.

Friji ikiwepo na umeme ukiwepo, saa tatu zinatosha. Sisi umeme ulikatika, tukaacha bakuli dirishani usiku mzima, likiwa limefunikwa. Baridi ya Butembo ikafanya kazi. Asubuhi chota kwa kijiko kidogo, viringisha haraka kwa mikono mikavu iliyopozwa, kisha gaagaza kila moja kwenye maziwa ya unga. Zinakaa wiki moja kwenye friji, siku mbili mahali penye baridi. Beni mjini, kwenye joto, usijaribu bila friji.

Fraizi nazo zinafaa, zikipondwa na kukaushwa vilevile motoni. Ananasi inahitaji uvumilivu, ina maji mengi. Ndizi siishauri: inageuka rangi na haina uchachu.

Mama mkubwa alikula moja, akanyamaza, akachukua ya pili. Halafu akataka kujua ni kakao kiasi gani imeingia humo. Tulihesabu pamoja. Gramu 300 zenye asilimia 20 ni gramu 60 za siagi, nazo zinahitaji mbegu kavu kama 150. Tunda moja lina mbegu 30 hadi 40. Kwa hiyo ni matunda manne au matano kwa sahani nzima iliyokuwa mezani.

Akaziangalia zile zilizobaki, akahesabu kwa vidole. Kisha akaniomba simu ampigie jirani aliyebaki kule Mangina, amuulize kama mvua imeacha maua kwenye mikakao.