Diski Mpya Inapokataa Kuianzisha Kompyuta

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari wilayani Manyoni, mkoani Singida. Alama za wanafunzi za miaka mingi zimo katika kompyuta moja kuukuu, ambayo diski yake ya sumaku imeanza kukwaruza. Mwalimu anainakili yote katika diski ya SSD, isiyo na kitu kizungukacho. Lakini mashine iwashwapo, kioo kinabaki cheusi. Je, alama zimepotea? La, hasha.

Kompyuta ikiwashwa, programu ndogo iliyomo ndani yake hutafuta, kwa utaratibu uliowekwa, diski yenye maelekezo ya kuanzia. Katika mashine za UEFI, maelekezo hayo hukaa katika sehemu ndogo ya peke yake, nayo ndiyo husahauliwa mara nyingi wakati wa kunakili.

Kwanza, zima mashine na uchomoe diski ya zamani, kwani nakala huweza kubeba namba ile ile ya utambulisho, mashine ikazichanganya. Kisha iweke mpya kuwa ya kwanza katika utaratibu. Ikishindikana, na sehemu ile ipo, amri ya Windows iitwayo bcdboot huyaandika maelekezo upya. Diski ya zamani, ingawa inakwaruza, isifutwe mpaka mpya imewaka na daftari la alama limefunguka.