Jeli ya Matunda na Mvinyo wa Viputo: Pesa Ziende Wapi?

Kati ya Desemba na Machi, jua la Mombasa likiwaka na maembe yakijaa sokoni hadi muuzaji anakuongezea moja kabla hujaomba, hakuna mwenye hamu ya kuwasha oveni. Kitindamlo kinachofaa msimu huo ni kile kinachogandishwa tu: matunda yaliyokatwakatwa, juu yake jeli ya mvinyo unaotoa viputo. Kazi yake ni ndogo. Gharama ndiyo hupanda au kushuka sana kulingana na unachokiweka kwenye kikapu, na watu wengi hutumia pesa pasipostahili.

Wengi huanza hesabu na chupa. Mimi naona ianze na kitu cha kugandishia, kwa sababu ndicho kinachoamua kama viputo ulivyovilipia vitafika mezani au vitaishia sufuriani.

Jelatini ya unga huhitaji takriban gramu 20 kwa lita moja ya kimiminika. Unailoweka kwenye juisi baridi kidogo, unaiyeyusha juu ya maji ya moto, unaiacha ipoe hadi iwe vuguvugu, kisha unamimina mvinyo baridi polepole ukiupitisha ubavuni mwa bakuli. Kwa kuwa mvinyo wenyewe haupitii motoni, sehemu ya viputo hunaswa ndani ya jeli, na ukiila huchangamsha ulimi. Lakini jelatini inataka friji inayofanya kazi kwa saa nne au zaidi, na huanza kuyeyuka kwenye joto lililo chini kidogo ya joto la mwili. Ukiiweka kwenye meza ya barazani mchana wa Januari, itageuka mchuzi wageni wakiwa bado wanasalimiana.

Chainagrasi, yaani aga-aga, ile inayogandisha faluda ya Ramadhani, ina tabia tofauti kabisa. Gramu nane hadi kumi zatosha lita moja. Lazima ichemke kwenye maji dakika kadhaa, lakini huganda ikiwa bado na joto la nyuzi 32 hadi 40, na ikishaganda haiyeyuki tena hadi ikaribie nyuzi 85. Umeme ukikatika, haikuaibishi. Kasoro yake ni kwamba ukiimiminia mvinyo baridi hushikana mabonge papo hapo. Mvinyo lazima uwe umetoka kwenye baridi na kupashwa kidogo, na hapo viputo vimekwenda zake. Kwa hiyo anayetumia chainagrasi na bado akanunua chupa ya viputo amelipia hewa. Anunue mvinyo mweupe wa kawaida, kisha tofauti ya bei aiongeze kwenye matunda.

Ukilinganisha bei ya hivi viwili dukani, usitazame pakiti, tazama lita. Gramu 50 za chainagrasi zitakupa lita tano au zaidi. Gramu 50 za jelatini ni lita mbili na nusu tu. Chainagrasi inaweza kuonekana ghali kwenye rafu na ikawa rahisi jikoni. (Wala usidhani ni ule mwani wanaoulima akina mama wa Kibuyuni, Kwale. Ule hutoa karajinani, kigandishi cha ukoo mwingine.) Tena jihadhari na pakiti ndogo za rangi zilizoandikwa “jeli” tu: sehemu kubwa ya uzito wake ni sukari. Jelatini tupu tafuta kwenye maduka ya vifaa vya keki, na kama mezani kuna watakaouliza imetokana na mnyama gani, soma karatasi kabla ya kulipa.

Sasa chupa. Lita moja ya jeli huchukua chupa nzima ya mililita 750 na juisi mililita 250, na hutoa glasi kumi za kiasi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, chupa ya kawaida ni shilingi 1,500 na chupa ya shampeni halisi ni 7,500. Kwa kila glasi unalipa 150 au 750, kabla ya embe hata moja. Hizo 600 za ziada zinanunua nini?

Zinanunua muda, hasa. Shampeni ya Ufaransa huchachushwa mara ya pili ndani ya chupa yenyewe na haitoki ghalani kabla ya miezi 15. Cava ya Uhispania hufuata njia hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi, angalau miezi tisa, na mivinyo ya Afrika Kusini iliyoandikwa Cap Classique nayo ni ya ukoo huo. Prosecco ya Italia huchachushwa kwenye matangi makubwa, njia ya haraka na nafuu, na harufu yake hubaki ya tunda bichi: tufaha, peasi. Kukaa muda mrefu na chachu ndiko kunakoipa shampeni ile ladha ya mkate uliookwa na viputo vidogo vidogo. Ladha hiyo ni ya thamani ndani ya glasi. Ndani ya jeli yenye sukari, karakara na embe ngowe, imezikwa. Harufu ya tunda ya Prosecco ndiyo inayoendana na kazi hii, na ndiyo ya bei ya chini. Kati ya chupa zinazopatikana kwa wingi huku kwetu, J.C. Le Roux ya Afrika Kusini nayo inafaa, ila usisahau kwamba ile ya Le Domaine ni tamu.

Na utamu ndipo lebo zinapompoteza mnunuzi. Kwa kanuni za Ulaya, “Brut” ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, ilhali “Extra Dry” ina 12 hadi 17, na “Demi-Sec” 32 hadi 50. Anayechagua “Extra Dry” akiamini amepata iliyo kavu kuliko zote ameondoka na iliyo tamu kuliko Brut. Kwa maembe yaliyoiva, nunua Brut, kisha ongeza sukari mwenyewe kwa kuonja. Mchanganyiko uwe mtamu kidogo kuliko unavyoutaka, kwani baridi hufifisha utamu.

Kodi pia imo. Nchini Kenya, tangu mwisho wa 2024, ushuru wa mvinyo umekuwa ukihesabiwa kwa kileo kilichomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ya asilimia 11 hubeba takriban shilingi 186. Ya asilimia 7.5, karibu 127. Ushuru huo hautazami kama chupa ni ya kifahari au la, kwa hiyo kwenye chupa ya bei nafuu ndiko unakomeza sehemu kubwa zaidi ya bei.

Kwenye matunda, msimu ndio mwalimu wa bei. Embe na karakara hazina mshindani. Stroberi za Limuru hupendeza machoni lakini zikifika Pwani zimeshaongezwa nauli. Nanasi ni rahisi na lina mtego: likiwa bichi, kimeng’enya chake hukata jelatini, na jeli haigandi hata ukeshe nayo. Papai na kiwi ni vivyo hivyo. Nanasi lichemshe dakika chache au ununue la mkebe, ambalo limekwisha kupikwa. Au tumia chainagrasi, isiyojali kimeng’enya hicho kwa kuwa si protini. Tikiti liache liliwe kando, maji yake hulegeza kila kitu.

Kama nusu ya wageni hawagusi kileo, usiwadanganye kwamba “kimepikwa kikaisha.” Mvinyo haujachemka, glasi moja ya hesabu yetu ina mililita 75 za mvinyo, na kileo chake chote kimo. Tengeneza bakuli la pili kwa juisi ya zabibu au tufaha yenye viputo, kama Appletiser. Mivinyo iliyoondolewa kileo si mbadala kwa Mwislamu, kwani huweza kubaki na hadi nusu asilimia. Njia ya bei ya chini kuliko zote ni juisi nzito ya karakara na soda ya maji iliyo baridi sana, kwa kipimo kile kile cha jelatini, hapa ikiwa ya ng’ombe aliyechinjwa kihalali au ya samaki. Kwa watoto, hiyo yatosha, na chupa nzima ya mvinyo imebaki kwa wakubwa.