Jarida la Wachache na Soko la Mamluki



Gazeti la kila siku huandikwa kwa ajili ya watu wote, kwa hiyo humpa kila mtu kidogo. Jarida la fani moja hutenda kinyume. Huwachagua watu wachache wenye kazi moja au hamu moja, likawahudumia wao peke yao. Mkulima aliyesoma Ukulima wa Kisasa hakutafuta humo habari za mpira. Alitafuta mbegu, mbolea na dawa ya wadudu. Nguvu ya jarida la namna hiyo haimo katika wingi wa wasomaji, bali katika hakika ya kuwajua ni akina nani. Muuza majembe huona heri kulipia tangazo mbele ya wakulima elfu moja kuliko mbele ya watu laki moja wasiolima.

Lakini chombo hiki, kama panga, hufuata mkono unaokishika. Kusini mwa Afrika walikijua kwa upande wa makali.

Mwaka 1975, mjini Boulder katika jimbo la Colorado, Marekani, Robert K. Brown, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la nchi hiyo, alianzisha jarida liitwalo Soldier of Fortune. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa akieneza karatasi zenye maelezo ya kazi za mamluki huko Oman, ambako Sultani Qaboos alikuwa akipigana na waasi wa Dhofar. Vita vya Vietnam vilikuwa vimekwisha, na Marekani ilikuwa na wanaume wengi waliojua vita lakini wasioona nafasi yao katika maisha ya amani. Jarida likawaendea hao. Liliwaandikia kwa lugha ya kambini, likachambua silaha, likachapisha barua zao. Aliyejiona ametupwa akajiona ana wenzake.

Kutoka hapo hatua iliyofuata ilikuwa fupi. Utawala wa walowezi wa Ian Smith huko Rhodesia ulikuwa na upungufu wa askari wazungu. Jarida likaandika kwa kirefu juu ya jeshi hilo na namna ya kujiunga nalo. Wageni wakaenda kupigana na wapigania uhuru wa Zimbabwe, nchi iliyopata uhuru wake tarehe 18 Aprili 1980.

Kurasa za nyuma zilikuwa na matangazo madogo ya wasomaji wenyewe. Daniel Gearhart, Mmarekani aliyepigana Vietnam, alitangaza humo kwamba yuko tayari kuajiriwa. Akafika Angola mwanzoni mwa mwaka 1976, akakamatwa baada ya siku chache. Katika kesi ya mamluki 13 iliyosikilizwa Luanda, tangazo lake lilitumika dhidi yake. Tarehe 10 Julai 1976 alipigwa risasi pamoja na wenzake watatu. Tisa waliobaki walifungwa. Mwaka uliofuata, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilipitisha mjini Libreville mkataba wa kukomesha umamluki.

Moto uliowashwa kwa ajili ya nyumba ya jirani haukukosa kumrudia mwenyewe. Mwaka 1985 Richard Braun aliuawa katika jimbo la Georgia na watu waliokodiwa kupitia tangazo la jarida hilo hilo. Wanawe walishtaki, na mwaka 1992 mahakama ya rufani ilithibitisha kwamba jarida lilipaswa kuwajibika, kwa kuwa maneno ya tangazo yalionyesha wazi hatari iliyokuwamo. Jarida liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2016.

Ndugu askari, kusoma jarida la fani yako ni jambo jema, na asiyesoma hubaki nyuma. Lakini soma ukijiuliza: anayenisifu hivi anataka kuniuzia nini, au anataka kuniuza kwa nani? Na wewe mpelelezi, usiishie kwenye ukurasa wa mbele. Ukurasa wa mbele husema mhariri; kwenye matangazo madogo husema msomaji mwenyewe, naye hueleza anachokitaka kwa maneno machache yasiyo na mapambo.

Silaha ya mamluki ilinunuliwa dukani, lakini mamluki mwenyewe alipatikana kwa mistari michache ya maandishi.