Hisabu za Kompyuta na Mtoto Asiyetulia (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi wazazi wa Mwanza, tangu shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona hata zikafunguliwa zote tarehe 29 Juni, walivyojikuta wamekuwa waalimu pasipo kutaka, na jinsi ambavyo wapo miongoni mwao, huko Nyegezi, Igoma na Ilemela, wasioiacha kazi hiyo mpaka leo, bali huwafundisha watoto wao hisabu jioni na siku za likizo kwa simu au kishikwambi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shuleni. Kwa hiyo masomo ya nyumbani kwetu aghalabu ni nyongeza ya shule, wala si badala yake. Leo twataka kumzungumzia mtoto ambaye fikra zake hazikai mahali pamoja.

Mzazi mmoja hulalamika kuwa mwanawe hamalizi maswali matano kabla ya kuanza kubonyeza kisichomhusu. Mwingine hushukuru kuwa wake, aliyekuwa hatulii kabisa, sasa aketi saa nzima akikusanya nyota na makofi ya programu. Nami huyu wa pili ndiye anitiaye hofu zaidi, kwa kuwa utulivu wa macho na vidole si dalili yakini ya akili iliyo kazini. Mtoto mwepesi wa kuchoka hugundua upesi kwamba, penye majibu manne ya kuchagua, kubahatisha mara tatu kwachukua muda mchache kuliko kufikiri mara moja. Na mashine, maadamu haimwulizi njia aliyopitia, humpa nyota yake ileile.

Jambo hili lilidhihirika hata kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Mwaka 1973, huko Marekani, Stanley Erlwanger alichapisha habari za mvulana wa miaka 12 aliyemwita Benny, ambaye tangu darasa la pili alikuwa akisoma hisabu kwa mpango wa kila mtoto kujiendea peke yake, akijaza karatasi za maswali, na majibu yake yakilinganishwa na orodha ya majibu yaliyokubaliwa. Mwalimu alimhesabu kuwa miongoni mwa wanafunzi wake wazuri. Erlwanger alipoketi naye na kumsikiliza, alikuta kijana yule anaamini kwa moyo mkunjufu kwamba 0.3 jumlisha 0.4 ni 0.07, na kwamba 2/10, ikiandikwa kwa desimali, ni 1.2, kwa kuwa 2 na 10 zikijumlishwa hupatikana 12. Alikwisha kujitungia kanuni nyingi za namna hiyo, na hisabu kwake ikawa ni kuwinda jibu lililofichwa na watu wengine. Taksiri haikuwa yake; hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Yumkini msomaji atanikumbusha habari za Tanga, na ni haki yake. Huko, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 wa vijiji kama 170, ambao wengi wao hawakuwahi kusoma shule, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu, wakajifunza bila ya mwalimu kwa muda wa miezi 15. Na tarehe 15 Mei 2019 ushindi ukagawanywa baina ya timu mbili za watunga programu, onebillion na Kitkit School. Kabla ya kupewa vishikwambi hivyo, zaidi ya tisa katika kila watoto kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwisho idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni jambo kubwa, wala sitaki kulipunguza. Walakini mtoto asiye na mwalimu kabisa na mtoto ambaye mama yake yuko chumba cha pili hawako katika hali moja, na la kuwatosha haliwi moja.

Basi kwanza intaneti izimwe wakati wa somo, na somo lenyewe liwe fupi, likatwe kabla ya mtoto kuchoka. Pili, karatasi na kalamu viwe mezani, na jibu lisibonyezwe mpaka njia yake iandikwe. Tatu, na hili ndilo kuu, mzazi aulize, "Umelipataje, mwanangu?", naye aulize hata jibu likiwa sahihi, ili swali lisigeuke kuwa ishara ya kosa.

Wala asijitoe kwa kisingizio cha kutokusoma. Mama auzaye dagaa wa Mwaloni, Kirumba, ajua vyema kuwa visado vitano hujaza debe moja. Mtoto akimwonyesha kwamba 2/10 ya debe ni 1.2, na amwambie apime: agawe debe mafungu kumi, achukue mawili, amimine. Ataona kisado kimoja kimejaa, ilhali hiyo 1.2 aliyoiandika yataka debe zima na kisado juu yake. Na kijana ambaye dakika kumi zilizopita hakuweza kuketi ataanza mwenyewe kutafuta ni wapi hesabu yake ilipopotea.

(Itaendelea)