Sura ya Sita: Dawa ya Saratani Inapokiamsha Kirusi

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Miaka 6 baadaye, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi kwa hadubini ya elektroni ndani ya seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Ndicho tunachokiita leo kirusi cha Epstein-Barr.

Ndani ya seli ya uvimbe huo, ambao ni saratani, vinasaba vya kirusi hukaa vimejifunga mfano wa pete. Kirusi hakizaliani, kimelala. Hutengeneza protini chache mno, hivyo kinga ya mwili haikitambui, na seli inapogawanyika hurithiwa na seli zote mbili. Gansiklovia, dawa inayoua virusi vya jamii hii, hapo haifui dafu. Ili ifanye kazi, lazima kwanza iamilishwe na kimeng'enya ambacho kirusi hukitoa kinapozaliana tu.

Dawa za saratani hazikilengi kirusi, huilenga seli. Saiklofosfamidi hubana nyuzi za vinasaba zisiachane. Doksorubisini husababisha nyuzi hizo kukatika. Seli inayogawanyika kwa kasi hushindwa kuzinakili, ikafa. Ndiyo maana uvimbe wa Burkitt, unaokua haraka kuliko karibu saratani zote, hunywea upesi ukitibiwa.

Lakini kabla seli haijafa, madhara hayo huweza kukizindua kirusi. Maabarani, seli zenye kirusi hiki zikipewa doksorubisini au jemsitabini, dawa nyingine ya saratani, baadhi yake huanza kutoa protini za uzalianaji, na kile kimeng'enya kikiwamo. Gansiklovia ikiongezwa wakati huo, seli nyingi zaidi hufa. Watafiti wameyaona hayo pia katika uvimbe uliopandikizwa kwa panya. Maficho ya kirusi yamegeuka kuwa mtego wake.

Si kila kirusi kinachozinduka hutufaa. Kile cha homa ya ini aina ya B, ambacho wengi Afrika Mashariki wanacho bila kujua, hudhibitiwa na kinga. Dawa za saratani zikiidhoofisha kinga hiyo, kirusi huongezeka, na kinga inaporudi huzishambulia seli za ini kwa nguvu inayoweza kuua. Njia ya kuzuia hatari hiyo ipo: kumpima mgonjwa kabla ya dozi ya kwanza, na akikutwa nacho, kumpa dawa ya kukituliza kirusi. Kipimo hicho ni sehemu ya matibabu ya saratani, na kila mgonjwa ana haki ya kukidai.