LIKIZO NI YA KUPUMZIKA, HATA KWA MWENYE BARIDI YABISI



Hapa Walukuba, na katika makambi ya wakata miwa upande wa Kakira, wako wenzetu wanaoogopa likizo kuliko wanavyoogopa kazi. Mtu amesimama kwenye mashine mwaka mzima, na siku zake za mapumziko zinapokaribia, badala ya kufurahi anaingiwa na wasiwasi. Anajua zitakavyokwisha: siku kadhaa kwenye foleni ya hospitali, siku nyingi na jembe mkononi kijijini, na zilizobaki kitandani. Anarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Wenzetu hao ni wale wenye ugonjwa wa baridi yabisi.

Sisi wa chama tumewasikiliza kwa muda mrefu, kiwandani na majumbani. Tumeona ni vema tuandike juu ya likizo yao, maana ni haki inayopotea kimyakimya, bila mgomo na bila kelele.

UGONJWA HUU NI NINI

Jina la baridi yabisi limewadanganya watu wengi. Wanadhani unaletwa na baridi ya asubuhi, au na maji ya kufulia. Baridi inaweza kuongeza maumivu, lakini siyo mama wa ugonjwa. Katika baridi yabisi ile ya kweli, ambayo madaktari huiita rumatoidi, askari wa mwili wanaotakiwa kupigana na vijidudu hugeuka wakashambulia utando wa ndani ya viungo. Viungo huvimba, huwa na joto na huuma. Mara nyingi ni vile vidogo vya vidole, viganja na nyayo, na mara nyingi ni pande zote mbili za mwili. Asubuhi mikono hukakamaa kwa saa moja au zaidi. Tena mwili mzima huchoka, na pengine homa ndogo huja. Ukiachwa bila dawa, ugonjwa hula mfupa na kupinda vidole.

Huu siyo uzee. Wengi huanza kuumwa wakiwa na miaka kati ya 30 na 60, yaani katika umri wa kazi, na wanawake wanaougua ni mara mbili au tatu ya wanaume. Siyo jongo, siyo uchawi, na haumwambukizi jirani kwenye mashine. Dawa ya kuufuta kabisa haijapatikana, lakini dawa za kuutuliza zipo, na anayeanza mapema huokoa vidole vyake.

LIKIZO HAIKUTOLEWA BURE

Tusisahau kwamba likizo yenye malipo ilipiganiwa. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma viwanda vizima, wakapata sheria ya wiki mbili za likizo kwa mwaka. Mwaka huo huo Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kwanza wa likizo yenye malipo. Mwaka 1970 likapitisha mkataba mwingine wa wiki tatu, na humo ikaandikwa kwamba siku ambazo mtu hakuweza kufanya kazi kwa ajili ya ugonjwa zisihesabiwe katika likizo hiyo ya chini.

Hapa Uganda tunayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Inasema mfanyakazi hupata siku 7 za likizo kwa malipo kamili kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Yaani siku 21 kwa mwaka. Anayestahili ni yule aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi sita, na ambaye kwa kawaida hufanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki. Wakati wa kuichukua hupatana mfanyakazi na mwajiri. Sikukuu za serikali ni kitu kingine.

Ugonjwa una sehemu yake katika sheria hiyo hiyo. Aliyemaliza mwezi mmoja kazini, akaugua na kushindwa kufanya kazi, hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwepo, ikiwa amempasha mwajiri habari na ana cheti cha daktari akitakiwa kukionyesha. Lakini tuseme na upande wa pili: ugonjwa ukiendelea mpaka mwezi wa pili umekwisha, mwajiri anaweza kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Kwa hiyo mwenye baridi yabisi asichezee siku zake.

VITU VITATU VINAVYOKULA LIKIZO

Cha kwanza ni kalamu ya karani. Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, mama mmoja wa kufungasha bidhaa alikuwa akienda kliniki anaambiwa, "Tutaandika livu." Mwezi wa Desemba alipoomba kwenda kwao Mbale, akaonyeshwa daftari: siku zimebaki 4. Tulikaa na meneja tukalipitia daftari mstari kwa mstari. Siku 17 zilizoandikwa livu zilikuwa na vyeti vya daktari, vyote amevitunza katika mfuko wa nailoni. Siku zake zilirudishwa. Bila vile vyeti tungesema nini?

Cha pili ni jembe. Wengi wetu huchukua likizo mvua za masika zinapoanza, ili tuwahi kupanda. Kwa mtu mzima wa afya ni kazi, kwa mwenye viungo vilivyovimba ni adhabu. Mama mkwe anamtazama mtu aliyetoka mjini amevaa vizuri, haoni maumivu yaliyo ndani ya kiganja. Anasema, "Mji umemfanya mvivu."

Cha tatu ni fedha. Mtu anaambiwa, "Acha likizo, chukua pesa." Sheria inasema mapatano ya kuiacha likizo ile ya chini, hata kwa kulipwa, ni batili. Mwenye baridi yabisi akiuza mapumziko yake anauza vidole vyake.

KABLA YA KUONDOKA

Ndugu, ukiwa na ugonjwa huu, likizo yako ianze kupangwa miezi miwili mbele. Chagua wakati ambao viungo hutulia, usingoje kusukumiwa wakati ambao kiwanda hakikuhitaji. Nenda kliniki kwanza, upimwe damu ikiwa dawa zako zinataka hivyo. Omba dawa za kutosha siku zote za safari, na za wiki moja ya ziada. Omba barua yenye majina ya dawa na kipimo chake, ili daktari wa kule asibahatishe.

Wengi hupewa methotrekseti. Dawa hii humezwa MARA MOJA KWA WIKI, siyo kila siku. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Kiwandani siku ya dawa haipotei, maana zamu zinatukumbusha. Likizoni siku zote hufanana, mtu hajui leo ni Jumatano au Ijumaa. Shika siku moja, kwa mfano Jumapili, iandike kwenye kalenda, na mwambie mtu mwingine wa nyumbani. Mwanamke mwenye mimba, au anayetaka kushika mimba, asiitumie; amwone daktari mapema, naye mwanamume amwulize wake. Anayemeza prednisoloni asiiache ghafla kwa sababu anajisikia vizuri.

Anayevuka mpaka na kutakiwa chanjo ya homa ya manjano amwambie daktari dawa anazotumia kabla ya kuchanjwa. Chanjo hiyo ina kijidudu hai, na baadhi ya dawa zetu hupunguza nguvu za mwili kupigana nacho.

NJIANI

Kutoka Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi siyo safari ya kutisha, lakini ndani ya taksi iliyojaa, magoti hukakamaa. Toka baada ya mikono kulegea, siyo alfajiri. Omba kiti ambacho unaweza kunyoosha mguu. Kunja na kukunjua vidole na vifundo, na gari likisimama shuka utembee kidogo. Dawa zikae kwenye mkoba wako, zisiwekwe juu ya gari wala mbele kwenye kioo penye jua. Mzigo ubebwe kwa mkanda begani, siyo kwa vidole. Kumlipa kijana akubebee gunia siyo fahari, ni matibabu.

UKIFIKA NYUMBANI

Siku ya kwanza pumzika, wageni watangoja. Asubuhi tumbukiza mikono katika beseni la maji ya uvuguvugu. Kiungo kilichovimba na chenye joto kipumzishwe, lakini usilale siku nzima, maana kiungo kisichotembezwa hukauka. Kikitulia, tembea. Shambani kubali kazi nyepesi, kama kuchagua mbegu, na weka kando fedha kidogo za kumlipa kibarua wa jembe. Ziwe katika hesabu ya safari kama nauli.

Kwa wenzetu wa Bugisu, mwaka wa namba shufwa ni mwaka wa imbalu. Mwezi wa Agosti watu hukusanyika Mutoto, karibu na Mbale, kisha ngoma huzunguka vijiji. Hatusemi mtu asiende. Mtoto wa ndugu anapotahiriwa, utakaaje mbali? Lakini siyo lazima kukimbia na ngoma mlima mzima. Nenda siku moja, kaa kwenye kiti, rudi ulale. Na ile mirija ya malwa, anayemeza methotrekseti aikalie mbali: dawa hiyo na pombe vyote viwili huchosha ini.

Lala ndani ya chandarua. Ukipata homa, usingoje likizo iishe. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na useme dawa unazotumia.

MAJI YA MOTO NA DAWA ZA SOKONI

Wako wanaouliza habari za Kitagata, wilaya ya Sheema, magharibi mwa nchi. Huko maji hutoka ardhini yakiwa ya moto, na watu wenye kuumwa viungo huenda kuoga. Sehemu moja huitwa Mulago, kwa jina la hospitali kuu ya Kampala. Hata Waingereza walikuwa na mji wao wa Bath, ambako mwaka 1738 ilianzishwa hospitali ya kuwatibu wagonjwa kwa maji ya moto ya ardhini. Maji ya moto hulegeza misuli na kupunguza maumivu, hilo ni kweli. Hayauzuii ugonjwa kula mfupa. Atakaye kuoga aoge, lakini dawa zake asizitupe mtoni. Naye anayeuza chupa isiyo na jina kwenye stendi ya magari, mpite.

KAZI YA CHAMA

Haya yote hayawezi kubebwa na mgonjwa peke yake. Wajumbe wa chama, kagueni daftari la likizo kila baada ya miezi mitatu, na siku za cheti zisichanganywe na siku za livu. Katika mapatano na mwajiri tudai mambo manne: mwenye ugonjwa wa kudumu aweze kugawa likizo yake mara mbili au tatu, siku ya kliniki ijulikane mapema, akirudi asitupwe moja kwa moja kwenye zamu ya usiku, na mwenye vidole vilivyovimba apewe kazi inayofaa mikono yake. Sheria ya Ajira inakataza kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza pia.

Nawe uliye mzima, usimcheke mwenzako anayeomba umfungulie chupa. Mshikie zamu. Na wewe unayeumwa, tunza vyeti vyako, andika siku zako, na njoo tawini kabla jina lako halijakatwa, siyo baada yake.

Mashine hupumzishwa ikatiwa mafuta. Mtu je?

UMOJA NI NGUVU.