Je, Wajua? Dawa ya Kuchangamsha Iliyowatuliza Watoto

Mwaka 1937, katika hospitali ya watoto huko Rhode Island, Marekani, daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 wenye matatizo ya tabia Benzedrine, dawa ya kuchangamsha mwili, na badala ya kuhangaika zaidi, wengi walitulia, na 14 kati ya hao 30 walisonga mbele kimasomo kwa namna ya kushangaza.

■ Watoto wenyewe waliziita tembe hizo “vidonge vya hesabu”.

■ Dawa nyingine ya akili wanayopewa vijana, fluoksetini, ambayo ni dawa ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, huingia kwenye damu siku ileile inapomezwa, lakini nafuu kamili huchukua wiki kadhaa, hivyo kijana asiyeona mabadiliko mapema hapaswi kukata tamaa.

■ Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2004, vijana 439 wenye sonona walifuatiliwa kwa wiki 12: waliopata nafuu walikuwa asilimia 71 kwa fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo, 61 kwa dawa pekee, 43 kwa mazungumzo pekee, na 35 kwa vidonge visivyo na dawa.

■ Mwaka huohuo Marekani iliamuru onyo zito liwekwe kwenye dawa za sonona, kwa kuwa mawazo ya kujiua au majaribio ya kujiua yalionekana kwa takriban asilimia 4 ya watoto na vijana waliozitumia katika tafiti, ikilinganishwa na 2 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ndiyo maana wiki za kwanza humtaka mzazi na daktari wawe karibu sana na kijana.